Jirani Aliyekuja Harusini

Abbasi alipoingia katika duka la ushonaji la Elieth pale Kikuyu, Dodoma, hakukaa kwenye benchi la wateja. Alisimama katikati, bahasha ya kaki kwapani na daftari kubwa la jalada gumu mkononi, akatazama huku na huku kama mtu asiye na hakika na mlango alioingia.

"Wewe ndiye Elieth Ndahani?"

"Ndimi. Karibu, kaka."

Elieth alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, anapima upindo wa gauni la Hilda. Hilda alikuwa mweka hazina wa kwaya, na lile lilikuwa gauni la kwanza kati ya magauni kumi na manane ya sare ya Pasaka. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono ameinyoosha pembeni.

"Mimi ni katibu wa kamati ya sherehe," Abbasi alisema. "Jumamosi tunampa tuzo Bi Hamida wa Chang'ombe. Miaka ishirini na minane anawatunza watu wasio na makazi. Mgeni rasmi ameshathibitisha. Tunachokosa ni mnufaika mmoja aliyefanikiwa, atoe ushuhuda wa dakika tano." Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa. "Hapa namba moja ni Penina Ndahani, namba mbili ni Elieth, mtoto, miaka minane. Walikuwa wanalala kwenye baraza za maduka karibu na stesheni. Nimeulizia nikaambiwa una duka huku."

Hilda aliinamisha kichwa, akamtazama fundi wake.

Elieth alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. "Umekosea mtu," alisema. "Marehemu mama yangu alikuwa na biashara ya nafaka. Tulikuwa tumepanga chumba."

"Jina lakini ni hili hili."

"Kina Ndahani ni wengi Dodoma."

Abbasi alitazama daftari, akamtazama yeye, akatazama tena daftari. Alikuwa mtu mstaarabu. Aliomba samahani kwa kumpotezea muda, akatoka.

Elieth alimaliza upindo. Hilda aliposhuka kwenye kigoda ndipo akauliza, kwa sauti ya kuuliza tu, "Kumbe na wewe umekulia Chang'ombe?"

"Tulikaa kidogo," Elieth akajibu, akaanza kuandika vipimo.

Nyumbani Miyuji alimkuta mama mkwe wake, Dorothea, ameketi kwenye mkeka barazani anachambua maharage. Aliyachambua kwa kuyapapasa zaidi kuliko kuyaona, maana macho ndiyo yaliyomtoa Muleba akaja kwa mwanawe. Jicho moja lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji, la pili lilisubiri mwezi ujao. Jicho lile moja lilimtosha kuona kila kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Miriam. Kuna jambo la mji wenu linanishangaza. Jumapili nimeona mzee amelala kwenye ukuta wa kanisa, mtu mzima wa mvi. Kwao ni wapi? Ukoo wake umekwenda wapi?"

"Wengine wamefukuzwa, mama."

"Mtu hafukuzwi bure. Kwetu ukoo mzima ukimfukuza mtu, ujue lipo jambo."

Elieth alichukua ungo wa maharage akaenda nao jikoni. Alikuwa na umri wa miaka saba baba yake alipofariki, na haukuwa umepita mwaka baba mkubwa alipomwambia mama yake kwamba shamba na ng'ombe ni mali ya ukoo, naye atafute pa kwenda. Jambo lililokuwapo lilikuwa hilo tu.

Jioni Ludovick alirudi kazini na kadi ya mwaliko. Alikuwa ofisa ugavi katika ofisi moja ya serikali, mtu wa mpango, ambaye hata viatu alivivua akavipanga sawasawa kabla ya kusalimia.

"Mkurugenzi kanipa kazi ya Jumamosi," alimwambia mkewe. "Ofisi imechangia magodoro ishirini kwa kituo kimoja cha Chang'ombe, mimi ndiye wa kuyakabidhi. Na unajua ni kwa nani? Yule mama jirani yenu, yule wa Kondoa aliyekuja harusini."

"Bi Hamida."

"Huyo huyo. Mbona hukuwahi kuniambia kwamba anaendesha kituo?"

"Hukuniuliza."

"Basi twende wote. Na mama naye atoke kidogo."

Dorothea alikuwa amesikia kutoka barazani. "Harusini alikaa wapi? Mimi simkumbuki."

"Nyuma, pamoja na majirani," Ludovick alisema.

Elieth aliendelea kukatakata kitunguu. Aliyepanga viti vya upande wake siku ile alikuwa yeye mwenyewe. Mbele alimweka baba mkubwa, aliyepandishwa basi kutoka Mpwapwa na kuvalishwa suti ya kuazima. Yeye ndiye aliyepokea mahari na blanketi la mzazi, akampiga bibi harusi busu la baraka kwenye paji la uso. Bi Hamida alikuwa safu ya tatu kutoka mwisho, na baibui lake jeusi, kati ya muuza mkaa na mke wa fundi baiskeli. Alipewa sahani ya pilau kama wengine, akala, akaaga mapema kwa sababu watu wake walikuwa hawajapikiwa.

Alhamisi Elieth alifunga duka mapema akaenda Chang'ombe.

Vijana wa kamati walikuwa wanapaka rangi ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara. Kuta nyingine tatu zilikuwa vilevile. Ndani ya ua palikuwa na vyumba vitatu na lile ghala refu ambalo zamani liliwekwa alizeti na karanga. Sasa lilikuwa na vitanda vya chuma safu mbili. Bi Hamida, aliyekwisha kupita miaka sabini, alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi akimkata kucha za miguu mzee Batholomeo. Mzee huyo alifanya vibarua vya reli mpaka mgongo ulipokataa, na alikuwa amekaa pale misimu miwili ya mvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vua viatu, pamedekiwa. Njoo unishikie mguu huu, anaurusharusha."

Elieth alichuchumaa akaushika. Ulikuwa mkavu, na kisigino kilikuwa kimepasuka.

"Mkasi wako mkali," mzee alisema.

"Kucha zako ndizo kali," Bi Hamida akamjibu, kisha, bila kuinua kichwa, akamwambia Elieth: "Abbasi alikuja hapa jana. Alisema amefika kwako ukamkatalia. Nikamwambia ni kweli, huyo siye. Yule Elieth wa daftarini alihama zamani, sijui aliko."

Elieth aliinua macho. "Umedanganya kwa ajili yangu, mama."

"Wewe ndiye uliyeanza. Mimi nimefuatisha tu tusije tukapishana maneno."

"Jumamosi mume wangu anakuja. Ndiye analeta magodoro. Na mama mkwe anakuja."

"Waje. Nilikuwa jirani harusini, sitashindwa kuwa jirani tena kwa saa mbili. Mzee, lete mguu wa pili."

Hakulisema kwa kumchoma. Angelisema kwa kumchoma, Elieth angekuwa na la kujibu. Alilisema kama mtu anayepanga nani atachota maji na nani atafagia, na Elieth akabaki ameushika ule mguu.

Kwenye kona palikuwa na furushi la fulana nyeupe. Bi Hamida alilionyesha kwa mkasi. "Kamati wameleta sare. Miwani yangu imevunjika. Zimeandikwa nini?"

Elieth aliinua moja. Kifuani palikuwa na herufi kubwa za buluu. "Mnufaika."

"Ndiyo nini hiyo?" mzee Batholomeo akauliza.

"Mtu aliyepata faida," Bi Hamida akasema.

"Faida gani?"

"Fulana."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Bi Hamida alingoja amalize kukohoa ndipo akaendelea na kucha. "Wametaka pia wagonjwa wakae chumba cha nyuma mpaka mgeni aondoke, wasionekane. Nikawaambia hii nyumba ni ya hao wagonjwa. Atakayeondoka ni mgeni."

"Mama, kuhusu ile siku ya harusi," Elieth alianza.

"Una mtoto wa kumpikia," Bi Hamida alisema. "Jua linakuchwa. Nenda."

Jumamosi asubuhi Ludovick alikuwa nyuma ya nyumba anapiga viatu rangi. Dorothea alikuwa ndani anavalishwa kitenge na mjukuu wake Miriam, mwenye miaka tisa. Elieth alisimama kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akamweleza mumewe yote kwa mfululizo, tangu baraza za stesheni mpaka baba mkubwa, bila kupumzika katikati. Alijua akipumzika hataweza kuendelea.

Brashi ilisimama, ikaendelea, ikasimama tena.

"Hayo magodoro ninayokwenda kuyakabidhi," Ludovick alisema.

"Ndiyo. Sisi mwanzoni tulilalia magunia."

"Na yule mzee tuliyempelekea mahari?"

"Ndiye aliyetufukuza."

"Miaka kumi na moja, Elieth." Tangu Miriam azaliwe hakuwa amemwita kwa jina. "Ulidhani ningekuacha?"

"Nilidhani ungenihurumia. Sikutaka kuolewa kwa huruma."

Ludovick alivaa kiatu kimoja, akafunga kamba polepole. "Kule harusini nilimpita yule mama kama nampita mtu asiyenihusu. Sikumpa hata mkono." Akavaa cha pili. "Leo mama asijue. Sijui nitamwambiaje. Nitakaa mbele na watu wa ofisi, wewe kaa naye. Tutaongea nikishajua la kusema."

"Sawa," Elieth alisema, na alikuwa amekubali kweli.

Mahema mawili yalifungwa barabarani mbele ya nyumba. Viti vya plastiki vya wageni vilivalishwa vitambaa vyeupe. Vile vya wakazi wa kituo havikuvalishwa kitu. Wakazi walikuwa ishirini na watatu, wote katika fulana zao. Wagonjwa wawili walitolewa na vitanda vyao wakawekwa kivulini, Bi Hamida akiwa amesimama pembeni kuhakikisha. Elieth na Dorothea walipata viti katikati, karibu na spika. Mgeni rasmi alichelewa saa moja na nusu.

Hotuba zilikuwa sita. Ludovick alisoma ya ofisi yake vizuri, ukurasa mmoja, akakabidhi godoro la kwanza kwa mkono wa kulia huku akipigwa picha. Elieth aliona jinsi alivyoinama kumsalimia Bi Hamida, chini kuliko ilivyohitajika, na shikamoo yake ikasikika kwenye kipaza sauti.

Kisha ukafika ushuhuda. Kwa kukosa mwingine, kamati ilikuwa imemchagua mzee Batholomeo na kumkaririsha sentensi nne. Alisimama mbele, akasalimia, "Mbukwenyi," Wagogo waliokuwapo wakaitikia kwa furaha, naye kwa kuitikiwa akasahau sentensi zote. Mwishowe akasema anashukuru kwa fulana, na akauliza kama baada ya sherehe zitarudishwa au ni za kubaki nazo. Watu wakacheka. Mshereheshaji akamtoa kipaza sauti mkononi na kumrudisha kwenye kiti kwa kumshika bega.

"Masikini," Dorothea alinong'ona. "Wangemwacha amalize."

Bi Hamida akapewa ngao ya mbao na cheti ndani ya fremu, akaombwa aseme maneno mawili. Aliishika ngao kama anavyoshikwa mtoto wa mtu mwingine, akatafuta pa kuiweka, akampa mgonjwa aliyekuwa karibu.

"Mimi sikupanga kitu," alisema. "Ilikuwa masika. Nilipita karibu na stesheni nikamkuta mama na mtoto wake wa kike wamejibanza kwenye baraza ya duka, wamelowa. Marehemu mume wangu alikuwa na ghala la nafaka hapa hapa. Nikamwambia, Adamu, magunia yetu yamelala pakavu na watu wanalowa, hii imekaaje? Akatoa funguo. Wakalala siku ile na iliyofuata. Siku ya tatu akaja mwingine. Mpaka leo ndiyo hivyo."

Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji, akitaka kurudisha uhai baada ya mzee Batholomeo, akauliza kwa sauti ya tabasamu, "Na huyo mtoto, Bi Hamida? Wa kwanza kabisa? Watu wangependa kujua yuko wapi leo."

Bi Hamida hakutazama upande aliokaa Elieth. Alitazama juu, kwenye turubai.

"Mama yake alifariki hapa, tukamzika," alisema. "Mtoto alikua, akaondoka. Sijui aliko. Naamini ni mzima."

Elieth alikuwa amemsikia mama huyu akimwambia mfadhili usoni kwamba mablanketi kumi kati ya hamsini ameyagawa nje ya kituo, hata kama kulisema hilo kungemkosesha mengine. Alikuwa amemsikia akimwambia yeye mwenyewe, akiwa na miaka kumi na minne, kwamba mama yake hataamka, wakati wauguzi walikuwa bado wanasema ataamka. Hakuwa mtu wa kudanganya, na sasa alikuwa amedanganya mbele ya watu mia tatu, kwenye siku yake.

"Niko hapa," Elieth alisema.

Aliyesikia alikuwa Dorothea tu na watu wa jirani. Akasimama, akasema tena, na safari hii vichwa vikageuka. Kule mbele Ludovick naye aligeuka, wakaonana, kisha yeye akainamisha macho yake kwenye viatu. Mshereheshaji akaja mbio na kipaza sauti.

"Naitwa Elieth Ndahani. Ni fundi cherehani, nina duka Kikuyu. Huyo mtoto ni mimi. Mama yangu mzazi aliitwa Penina." Sauti yake ilitoka kubwa kwenye spika iliyokuwa ubavuni, ikamshtua, akakisogeza mbali kipaza sauti. "Jumatano katibu alinifuata nikakana. Bi Hamida akanifichia siri kwa katibu huyo, na hapa mmemsikia ananifichia tena. Hana kawaida ya kudanganya, nimemfundisha mimi. Huyu ndiye aliyenisomesha. Yeye ni Mwislamu, lakini kila Jumapili alinisindikiza mpaka geti la kanisa, akanisubiri nje, jua au mvua. Nilipoolewa, nilimkalisha na majirani. Huyu ni mama yangu. Ni hayo tu."

Makofi yalianza kwa kusitasita, kisha yakawa mengi. Bi Hamida hakupiga. Alikuwa ameshika ncha ya ushungi wake, anaipindua na kuipindua tena. Abbasi alipita katikati ya viti akiwa na fulana mkononi, akasema kwa heshima kwamba ni kwa ajili ya picha ya pamoja. Elieth akaipokea, akaivaa juu ya gauni lake, maana wenzake wote walikuwa wameivaa.

Alipokaa, Dorothea alikuwa amekaza macho mbele, mikono juu ya mapaja.

Nyumbani, ilipofika saa kumi na mbili jioni, ndipo Dorothea alipomwita mwanawe na mkwewe barazani. Miriam alipelekwa kwa jirani.

"Ludovick, ulijua?"

"Nimejua leo asubuhi, mama."

"Mama Miriam, nina swali moja. Mahari yetu tulimpelekea nani?"

"Baba mkubwa. Ndiye aliyetufukuza baba alipofariki, nikiwa na miaka saba," Elieth alisema.

"Aliyemfukuza mama yako na mtoto wa miaka saba."

"Ndiyo, mama."

"Mzee wangu alikuwa mgonjwa wakati ule," Dorothea alisema. "Alisafiri siku mbili na mguu umevimba ili aje ashike mkono wa aliyekulea. Alishika mkono wa yule. Akarudi Muleba akisifia, akafa anasifia. Kumbe mlezi mwenyewe alikuwa nyuma anakula pilau la majirani." Akajifuta jicho lililopasuliwa, ambalo daktari alikataza lisifutwe. "Kulala barazani hakukuwa aibu yako. Ulikuwa mtoto. Lakini hili la kututuma kwa watu wasio wenyewe, hili ulilifanya ukiwa mtu mzima."

Ludovick alisema, "Mama, basi."

"Siyo basi. Ndiyo kwanza."

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Ludovick alikula, akashukuru kwa chakula, akaenda kulala mapema. Ofisini kwake mwenzake mmoja alimpongeza kwa kuwa na moyo wa kuoa kituoni, na hakujua kama ni pongezi. Jumatatu Hilda alikuja dukani kuchukua vitambaa vya kwaya. Alisema kamati ya kwaya imeamua kumpa kazi fundi mwingine, akavihesabu, akaacha lile gauni moja lililokwisha kupimwa. Hakutoa sababu. Elieth alimsaidia kuvifunga.

Jumanne jioni alipofika nyumbani alimkuta Dorothea amevaa gomesi, vazi la heshima la kwao, lile lake la harusi na la msiba, na Ludovick amevaa suti. Mezani palikuwa na kitenge kipya na kifurushi cha kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye jani la mgomba, alizokuja nazo Dorothea kutoka kwao, ambako hupewa mtu kwa heshima.

"Jitayarishe," Dorothea alisema. "Tunakwenda kwenu."

Chang'ombe mahema yalikuwa yamekwisha kufunguliwa. Bi Hamida aliwakaribisha chumbani kwake, chumba cha kitanda kimoja na viti viwili, akataka kuketi chini, Dorothea akakataa na kumkalisha kwenye kiti. Yeye Dorothea akaketi kwenye kile cha pili. Ludovick na Elieth wakakaa kwenye mkeka. Nje wakazi walikuwa wanakunywa uji, vijiko vikigonga bakuli.

"Nimesikia mna magodoro mengine," Bi Hamida alisema, akidhani ndiyo shida.

"Hapana," Dorothea akajibu. Alimpa kahawa kwa mikono miwili, akangoja mpaka mwenzake alipotia moja mdomoni. "Mimi naitwa Dorothea, mama yake Ludovick. Tumekuja kwa mzazi wa mke wetu. Tuna mashtaka."

Bi Hamida aliacha kutafuna.

"Binti yako ametudanganya miaka kumi na moja," Dorothea aliendelea. "Alituonyesha mzazi asiye mzazi, wewe akakuficha. Baba yake Ludovick amekufa hakujui. Kwetu mke akikosa hatumsemi njiani. Tunampeleka kwao, tunawaambia waliomlea, mleeni tena, hapa pamepinda. Huyu hatukuwahi kuwa na pa kumpeleka. Kwa hiyo leo tumemleta."

Elieth aliyainamia maua ya mkeka. Alijua namna Bi Hamida alivyozoea kujibu watu, kwa neno moja kavu na kurudi kwenye kazi yake, akalisubiri hilo neno.

Bi Hamida aliketi vizuri. Alivuta ushungi wake ukakaa sawa, akaweka mikono magotini kama wanavyokaa wazazi wa kike siku wanapofikiwa na wageni wao.

"Mmemleta penyewe," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Kumlea nimemlea mimi. Niliona anaficha nikanyamaza, nikadhani ndiyo kumpenda. Kosa hilo ni langu pia. Naomba radhi kwako, mama, na kwako, baba." Akamgeukia Elieth, akasema kwa ukali ambao Elieth hakuwa ameusikia tangu akiwa mwanafunzi. "Na wewe unakaa tu? Piga magoti umwombe radhi mama mkwe wako. Kisha mumeo."

Elieth akapiga magoti. Alianza kusema na hakuweza kumaliza, Dorothea akaweka mkono juu ya kichwa chake. Akamgeukia mumewe. Ludovick alimshika kiwiko, akamsaidia kukaa tena kwenye mkeka, na hakuuondoa mkono wake mara moja.

Mzee Batholomeo, bakuli mkononi, akachungulia mlangoni. Alitazama suti, akatazama gomesi.

"Hawa ni wa ile tuzo tena?" akauliza.

"Hapana," Bi Hamida alisema. "Hawa ni wakwe zangu. Wamekuja kunisema."